Hapokei Wagonjwa wa Barua

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo wote huko mjini. Msalimie wifi yangu, mwambie lile gauni nimeshalipunguza kiuno, na akinenepa tena asinilaumu mimi wala cherehani. Sisi huku hatujambo kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo. Paa la karakana ya mzee wetu linavuja, na kwa ukorofi wake linavuja upande wa mbao nzuri. Mwanangu kafaulu mtihani, kwa alama ambazo siziandiki hapa nisije nikazipoteza njiani, maana zenyewe si nyingi.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Ili nipate mtandao lazima nipande juu ya tangi la maji, na mwanamke wa umri wangu akionekana juu ya tangi watu hukusanyika. Halafu kwenye simu unanikatiza. Karatasi haina mdomo wa kukatizwa.

Nilimpeleka mzee hospitali. Daktari ni kijana mwenye viatu vizuri sana, nadhani ndiyo maana alizungumza akiviangalia. Alisema ugonjwa umeingia kwenye mifupa, hakuna tena cha kukata wala cha kuchoma kwa mionzi, sasa tutafute watu wa tiba shufaa. Mzee akauliza hicho ni kitu gani. Akajibiwa kwamba ni huduma ya kumfanya mgonjwa asiteseke katika muda uliobaki.

"Kwa hiyo mpaka leo mlikuwa mnanitesa kwa ratiba?" mzee akasema.

Njiani alinieleza anachotaka. Afie chumbani mwake, penye dirisha linalotazama karakana. Na asipige kelele. Unamjua, hajawahi kupiga kelele hata msumeno ulipomla kidole. La kwanza naliweza. La pili linataka dawa ambayo haiuzwi dukani, na mtu wa kuileta.

Kuna makundi matatu yanayofanya kazi hiyo huku kwetu. Nitayaangalia, nitakwambia.

Dada yako.

*

Mjini, 19 Februari

Kwako dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mke wangu na watoto. Sisi sote ni wazima. Mkubwa ameanza kuvaa miwani, mdogo anataka ya kwake ingawa anaona vizuri.

Barua yako ya tarehe 4 nimeipokea na nimeielewa. Habari imenisikitisha mno. Hata hivyo huu si wakati wa kuongozwa na hisia. Kama ujuavyo, kazi yangu hapa ofisini ni kuchagua watoa huduma, na miaka hii yote nimejifunza kwamba kosa kubwa ni kuchagua kwa macho. Kwa hiyo nimeandaa jedwali lenye vigezo vitano: utaalamu, vifaa, usafiri, mawasiliano, na lugha inayotumika kwa mteja. Tafadhali nitumie maelezo ya kila mtoa huduma, mimi nitatoa alama.

Nimeambatanisha kijitabu cha kampuni moja ambayo ina tawi karibu na kwenu. Angalia ubora wa karatasi.

Ningependa kuja mwenyewe ila tuko kwenye ukaguzi wa hesabu. Ukiisha nitakuja.

Mfikishie mzee salamu zangu.

Ndimi mdogo wako.

*

Nyumbani, 6 Machi

Mdogo wangu,

Tunashukuru kwa salamu. Yule mdogo mnunulieni miwani isiyo na kioo, atatulia. Huku mvua zimeanza na njia imeshakuwa tope. Mzee analala zaidi ya zamani, na akiamka ana hasira ya kulala.

Barua yako nilimsomea, alitaka mwenyewe. Akauliza, "Mteja ndiyo mimi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mwambie Bwana Ofisi mteja anataka chai isiyopoa." Hilo ndilo jina lako sasa, lizoee.

Kijitabu nimekiangalia. Karatasi ni nzuri kweli, haishiki hata mafuta ya cherehani. Juu kuna mzee amelala kwenye mto mweupe, anacheka, meno yote yapo. Sijawahi kumwona mtu wa kufa mwenye furaha namna hiyo. Labda alikuwa ameonyeshwa jedwali.

Sasa maelezo uliyoyataka.

Wa kwanza ni hospitali, wana wodi wanayoiita ya utulivu. Nilimpeleka mzee akaione. Mapazia ya maua, harufu ya sabuni, na dirisha linalotazama ukuta wa kufulia. Msimamizi wake ni mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza vichanga. Alikuwa akimwuliza kila mgonjwa, "Tumekunywa maji yetu? Tumegeuka vizuri?" Alipomfikia mzee akamwuliza, "Na sisi tunajisikiaje?" Mzee akamjibu, "Nyinyi mko wangapi humu ndani yangu?" Kisha akaikwaruza fremu ya dirisha kwa ukucha. Fundi alikuwa ameziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi juu. Mzee akaniambia turudi nyumbani, watu wanaoficha fremu mbovu watamficha na yeye.

Wa pili ni kampuni yako. Walikuja na gari jeupe, msichana na mvulana, sare zimepigwa pasi mpaka zina kona. Hawakukaa, waliogopa viti vyetu. Yule msichana alikuwa akisoma maswali kwenye kompyuta ya mkononi. "Baba, maumivu yako ni kiasi gani, sifuri mpaka kumi?" Mzee akasema sifuri. Mdogo wangu, jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, vidole vya miguu vimejikunja chini ya shuka. Msichana akaandika sifuri. Akampongeza. Walipoondoka mzee alisema, "Hawa wanalipwa?"

Wa tatu ni muuguzi wa kituo cha afya, anazunguka vijijini kwa pikipiki akiwa na wasaidizi wawili. Watu wanamwita Pilipili, na wamempunguzia. Ana dharau kuliko mzee, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Alivua kofia ya pikipiki, akaiweka juu ya kitambaa changu kisafi, akauliza swali lilelile. Mzee akasema sifuri.

"Mzee, mgongo unaniuma kwa hii njia yenu. Anayenidanganya ananirudisha kesho. Inauma wapi?"

"Wewe nani wa kunifokea ndani ya nyumba yangu?"

"Ni mtu pekee humu mwenye chupa."

Walitazamana kama majogoo. Kisha mzee akasema, taratibu, "Nyonga. Na mgongo. Nikivuta pumzi ndiyo zaidi." Mimi naishi naye, sijawahi kusikia maneno hayo. Waligombana mchana wote, kuhusu dawa, kuhusu serikali, kuhusu namna ya kukaza skrubu. Nilipomwuliza huyo mama kama ana uzoefu, akanijibu kwamba yeye ndiye bora kuliko wote eneo hili, na si kwa akili zake bali kwa uvivu wa wenzake. Jioni ile mzee alikula.

Aliacha kichupa kidogo cha morfini ya maji. "Hiki ni chake," akasema, "si chenu." Lakini kumpokea mzee moja kwa moja, mpaka mwisho, ana sharti lake moja. Sitaliandika. Ukitaka kulijua, liulize.

Dada yako.

*

Mjini, 21 Machi

Kwako dada mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Miwani isiyo na kioo imenunuliwa na amani imerejea.

Nashukuru kwa maelezo yako, ingawa mengine hayakuwa na uhusiano na vigezo. Nimekamilisha tathmini. Hospitali imepata alama hamsini na nne. Kampuni imepata themanini na saba. Muuguzi wa kituo cha afya amepata ishirini na moja. Usafiri ni pikipiki, kijitabu hana, na lugha yake kwa mteja ni ya kufokea. Tena umesema ana sharti lakini hukulitaja. Kigezo kisicho na taarifa hupewa sifuri, ndivyo utaratibu ulivyo, sikumwonea.

Kwa hiyo nimeshasaini na kampuni. Watamletea mzee kitanda cha kisasa kinachotumia umeme. Unabonyeza kitufe, upande wa kichwa unapanda wenyewe. Nilikiona kwenye picha nikafarijika sana. Pia wana namba ya simu inayopokelewa saa zote.

Ukaguzi umeongezewa muda. Nakuja ukiisha.

Ndimi mdogo wako.

*

Nyumbani, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kuku nao hawajambo, hasa yule mweupe, nitakueleza kwa nini.

Kitanda kililetwa na wanaume wanne na lori. Wakakishusha, wakakibeba mpaka mlangoni kwa mzee, wakasimama. Wakakigeuza ubavu, wakasimama. Wakakisimamisha wima kama mgeni anayebisha hodi, wakasimama. Wewe umelelewa humu ndani. Mlango ule umeupita miaka yote, unajua mzee aliutengeneza kwa kuupimia mabega yake mwenyewe, na aliubana hata upepo unaomba ruhusa. Ulipoona picha ya kitanda hukuuwaza mlango? Jedwali halikuwa na mahali pa mlango?

Mkubwa wao akatoa msumeno akasema watapanua fremu kidogo tu. Mzee akanyanyua kichwa kwenye mto. "Atakayeigusa fremu hiyo," akasema, "nitamwangalia." Hakuongeza neno. Wanaume wanne, na hakuna aliyeigusa.

Basi kitanda kiko uani chini ya turubai. Umeme haufiki huko, kitufe hakibonyezeki. Kuku mweupe amekikagua akakipenda, anataga upande wa kichwa. Kampuni yako imepata mteja aliyeridhika.

Wale vijana wamekuja mara moja tu tangu hapo. Gari jeupe haliingii kwenye tope. Nilipanda tangi nikapiga ile namba inayopokelewa saa zote. Ikapokelewa na sauti ya kike iliyorekodiwa, ikaniambia kuwa simu yangu ni muhimu sana kwao, na iliendelea kuniambia hivyo mpaka salio likaisha. Siku nyingine nikampata mtu mwenye pumzi. Nikamwuliza kuhusu morfini. Akasema wao hawaibebi, ndugu wa mgonjwa anatakiwa aifuate makao makuu yeye mwenyewe, aje na picha mbili.

Kichupa cha Pilipili kimeisha.

Mzee anauma mpini wa nyundo ya mbao. Ile ndogo, ya kugongea patasi. Anauweka mdomoni ninapomgeuza, asije akapiga kelele. Mpini una alama za meno. Mtu akiingia anauficha chini ya mto kama mwizi.

Haya, sharti. Pilipili hampokei mgonjwa mpaka kila mtoto mwenye sauti aje, asimame mbele ya kitanda, aseme kwa mdomo wake mgonjwa afie wapi. Aliwahi kumhudumia bibi mmoja vizuri kabisa, anaelekea kuondoka kwa amani. Mwanawe wa mjini akaja na gari, akambeba kwenda kumwokoa. Bibi akafia njiani, mikononi mwa dereva. Tangu siku hiyo anasema, "Sipokei wagonjwa wa barua. Wala wa simu. Nataka nimwone mapema yule atakayekuja kupiga kelele msibani." Nilimwambia mdogo wangu ni mtu wa kazi nyingi. Akasema wote ni watu wa kazi nyingi, ndiyo maana sharti lipo.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka uje bila kuitwa. Kiburi changu na jedwali lako, anayevilipia ni mzee.

Sikuombi. Nakuarifu.

Dada yako.

*

Mjini, 20 Aprili

Dada,

Ukaguzi uliisha Februari.

Mara mbili nilifika kituo cha basi na begi langu. Mara ya pili nilikwishakata tiketi. Nilimkumbuka anavyobeba gogo begani peke yake, mguu hauyumbi, nikaona sitaweza kumkuta amelala. Nikarudi ofisini nikafungua jedwali. Kwenye jedwali hajalala.

Unajua pia anavyoniangalia nikishika kitu cha mbao.

Mkataba nimeuvunja leo. Nakuja. Nadhani nitafika kabla ya barua hii. Mtu akikuletea nikiwa nimekaa hapo, isome, uiweke, usiniambie kitu.

Mdogo wako.

*

Nyumbani, 14 Julai

Mdogo wangu,

Natumai mlifika salama baada ya mazishi, na wifi amepumzika. Alipika kwa ajili ya umati mzima na hakumtukana mtu, nimeanza kumheshimu. Paa la karakana nimeliziba. Mwanangu anasema atasoma ufundi, nimemwambia aanze na kufagia.

Kampuni yako ya zamani ilikuja kuchukua kitanda. Walimkuta kuku mweupe analalia mayai. Nikawaambia wasubiri vifaranga vitoke, wakakubali, nadhani waliniogopa. Yule msichana akatoa kompyuta yake akaniuliza mteja aliridhika kwa kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Nikamwambia yule mweupe kumi, yule mwingine sifuri. Ameandika tano.

Sasa kuna jambo sikukwambia siku ya mazishi. Ulikuwa unapanga viti na kugawa maji kwa foleni kana kwamba ni mkutano, nikaona nikikwambia utaanguka.

Ile siku uliyofika unaikumbuka. Pilipili alikuangalia kutoka viatu mpaka kichwani, akauliza, "Wewe ndiye wa barua?" Kisha akakuuliza mzee afie wapi, nawe ukaanza, "Kwa kuzingatia hali halisi na..." Mzee akakukatiza kutoka kwenye mto wake: "Jibu, Bwana Ofisi, au uandike sifuri." Ukasema, "Hapa." Ulisema kama mtu aliyemeza jiwe, lakini ulisema. Pilipili akafungua begi papo hapo. Ule mpini nikaurudisha karakana jioni hiyohiyo, na haukutoka tena.

Unakumbuka pia alivyosema mzee anahema vibaya, kichwa cha kitanda kiinuliwe, ukaenda karakana kukata vipande viwili vya mbao vya kuweka chini ya miguu ya kitanda. Mzee alikuwa akikusikiliza kupitia dirisha. "Msumeno ndio unaolia," alisema, "mbao bado haijajua kama inakatwa." Ulitoka na jasho, ukaviingiza chini, ukavifurahia. Ukakaa naye siku zile, ukaondoka amelala, uso umelegea. Hayo unayajua.

Haya hukuyaona. Kesho yake nilipomgeuza, kitanda kikayumba, kikagonga sakafu: tok. Nikainama. Kipande chako kimoja ni kifupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Wewe ndugu yangu hata kupima huwezi. Nikaenda kuchukua randa nisawazishe kile kirefu.

"Unakwenda wapi na hiyo randa?"

"Hivi vipande. Mtoto wako amekata kimoja—"

"Nimeona. Kazi mbovu kabisa."

"Ndiyo nataka nivi—"

"Asiiguse mtu."

Nilisimama na randa mkononi. Unamjua baba yako. Aliwahi kuivunja meza ya mteja aliyekwishaipenda, kwa sababu mguu mmoja ulimkera yeye. Nikadhani ni dawa inaongea. Lakini kila alipogeuzwa, kitanda kikifanya tok, alikuwa anasema, macho yamefumba, "Bwana Ofisi huyo." Mara nyingine alijitikisa mwenyewe makusudi. Pilipili alileta karatasi aikunje aitie chini, akatukanwa mpaka ukoo, akasema hajawahi kuona familia ya watu wajinga kiasi hiki, akairudisha mfukoni.

Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi, karakana inaonekana. Hakuuma kitu na hakupiga kelele. Alivuta pumzi zake kwa nafasi, ndefu ndefu, kama mtu anayepiga randa ubao mrefu, kisha akawa amemaliza ubao. Pilipili akamfumba macho. Akaniambia alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote aliowahi kuwa nao. Akatoka nje, akapanda pikipiki, akavaa kofia, akakaa pale muda mrefu bila kuiwasha.

Chumba nimekifagia. Shuka nimefua. Mlango sijaugusa, na vipande vyako viko palepale. Ukija utalala humo, na ukijigeuza utasikia.

Usithubutu kuja na randa.

Dada yako.